Jicho la Mwenye Wasiwasi

Wazee wetu walikwisha kusema ya kuwa mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hii naijua tangu nilipokuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, nami nilidhani nimeielewa, mpaka siku ile niliposafiri kwa miguu na kijana aliyetafunwa kweli.

Alikuwa mwanafunzi wangu katika darasa la mafundisho, umri wake kama miaka 13. Alikwenda kuokota kuni, akaingiza mkono chini ya gogo, akaumwa kidoleni. Hospitali walimtibu vema, na baada ya majuma machache mkono ulikuwa mzima. Lakini macho yake hayakurudi kuwa yale ya kwanza. Jumamosi moja tulikuwa watu sita, tukienda kijiji cha pili kufundisha. Njia ile ni nyembamba, nayo ina majani marefu pande zote mbili. Hatukufika hata nusu ya mwendo, akapiga kelele, "Mwalimu, nyoka!" Tukasimama. Kumbe ni kamba ya katani iliyotupwa. Tukaendelea, mara akapiga kelele tena. Safari hii ni mzizi wa mwembe. Mara ya tatu kilikuwa kipande cha mpira wa baiskeli. Wenzake walicheka hata wakashika mbavu, na mimi, naona haya kusema, nilicheka pamoja nao, kisha nikamkemea. Nilimwambia ya kuwa mtu mwenye akili huchagua la kutazama na la kuacha.

Hata tulipokaribia mto, tulikuta mvua imeikata njia, pana shimo katikati. Sisi sote tuliliona tangu mbali. Yeye hakuliona. Alikuwa akitazama majani ya kando, akatumbukia mpaka kiunoni. Nilipomvuta kutoka humo aliniambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, sikupenda kutazama huko. Macho yanakwenda yenyewe."

Neno lile lilikaa moyoni mwangu muda mrefu. Baadaye nilipata kusoma habari za wataalamu wa elimu ya nafsi waliolipima jambo hili kwa miaka mingi, nikaona ya kuwa kijana alisema kweli, na aliyekosa ni mwalimu wake.

Kwanza yafaa tujue jicho lenyewe lilivyo. Sisi hudhani ya kuwa tukifumbua macho twaona yote yaliyo mbele yetu kwa udhahiri ule ule. Sivyo. Nyosha mkono wako mbele, uutazame ukucha wa kidole gumba: mahali paonekanapo sawasawa kabisa hapazidi sana upana wa ukucha ule. Nje ya hapo ni ukungu. Jaribu sasa hivi: kaza macho juu ya neno moja la ukurasa huu, na bila kuyaondoa usome neno lililo pembeni kabisa. Hutaweza. Ndiyo sababu jicho halitulii, bali hurukaruka kiasi cha mara tatu kila sekunde, likiokota kidogo hapa na kidogo pale. Na kabla jicho halijaruka, nadhari hutangulia, kama mtu aonyeshaye kwa kidole kabla ya kwenda. Mara nyingi kidole hicho ni chetu wenyewe: natafuta jembe, namtafuta mtoto sokoni. Mara nyingine kitu chenyewe hutuita, kama mmuliko wa taa au kitu kinachotikisika majanini. Kwa mwenye wasiwasi, kitu cha kutisha huita kwa sauti kubwa kuliko vyote.

Msomaji ataniuliza: jambo la ndani namna hii lilipimwaje? Maana mtu akiulizwa, "Je, unaangalia mambo ya kutisha kuliko wenzako?" huenda asijue, au akijua asikiri.

Katika mwaka wa 1986, huko London, Colin MacLeod, Andrew Mathews na Philip Tata walibuni jaribio jepesi kama mchezo wa watoto. Waliketisha watu mbele ya kioo cha kompyuta. Maneno mawili yalitokea, moja juu na moja chini, yakakaa nusu ya sekunde tu, yakatoweka. Mara nyingine, mahali palipokuwa na neno mojawapo palitokea kitone kidogo, na kazi ya mtu ilikuwa kubonyeza kitufe mara akionapo. Katika maneno yale mawili moja lilikuwa pengine la kutisha, la maradhi au la aibu, na la pili ni neno la kawaida. Sasa fikiri: ikiwa nadhari yako imekwisha kwenda kwenye neno la kutisha, na kitone kikatokea papo hapo, utakiona upesi, kikitokea kule kwingine utachelewa kidogo, maana ni lazima urudi. Kwa hiyo kitone kile kilikuwa kama shahidi asiyeweza kuhongwa. Wale waliokuwa na ugonjwa wa wasiwasi walikuwa wepesi kitone kilipotokea mahali pa neno la kutisha. Wale wasio na ugonjwa walielekea kinyume. Nadhari yao ilisogea mbali na neno lile. Tofauti yenyewe ni sehemu chache za mia za sekunde, muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Baadaye wengine waliyaonyesha maneno kwa muda mfupi zaidi, hata msomaji asitambue kuwa ameona neno, na bado wenye wasiwasi walivutwa.

Nilipoyasoma haya nilirudi kwenye neno langu la kumwambia kijana achague la kutazama. Achague saa ngapi? Jambo limekwisha kutendeka kabla hajajua kuwa pana la kuchagua.

Pana jaribio lingine, nalo lina historia itakayowapendeza wasomaji wa gazeti hili. Mwaka 1935, katika mji wa Nashville, Marekani, mwalimu mmoja jina lake John Ridley Stroop alitoa habari za kazi aliyoifanya chuoni. Aliandika majina ya rangi kwa wino wa rangi nyingine, neno "nyekundu" kwa wino wa kijani, neno "buluu" kwa wino wa kahawia, akawataka watu wataje rangi ya wino na wasilijali neno. Walichelewa sana, maana kwa mtu aliyezoea kusoma, neno hujisoma lenyewe. Stroop huyu alikuwa mhubiri na mwalimu wa Biblia, na miaka yake mingi iliyofuata aliitumia zaidi kufundisha Maandiko kuliko kufuatilia jaribio lile, ingawa ndilo lililolieneza jina lake duniani.

Mwaka 1986 Fraser Watts na wenzake huko Uingereza waliligeuza jaribio hilo. Badala ya majina ya rangi waliandika maneno yahusuyo buibui, wakawapa watu wanaomwogopa buibui kupita kiasi. Watu hao walikwama. Rangi waliijua, ulimi ulikuwa tayari, lakini neno liliwashika. Kisha wakatibiwa kwa kuzoezwa buibui kidogo kidogo, na walipojaribiwa tena, kukwama kule kulikuwa kumepungua. Hilo la mwisho lishikeni, nitalirudia. (Watts mwenyewe baadaye alipewa daraja ya ukasisi katika Kanisa la Uingereza. Nalitaja kwa sababu wako watu kwetu wadhanio ya kuwa elimu ya nafsi na dini havikai nyumba moja.)

Je, nyoka? Mwaka 2001 Arne Öhman wa Uswidi, pamoja na Anders Flykt na Francisco Esteves, walipanga picha ndogo kwa safu. Pengine zote zilikuwa za namna moja, pengine moja ilikuwa ya peke yake, kama nyoka mmoja kati ya maua au uyoga, au ua moja kati ya nyoka. Watu walimwona nyoka kati ya maua upesi kuliko walivyoliona ua kati ya nyoka. Haya ni ya watu wote. Lakini waogopao nyoka walikuwa wepesi zaidi kwa nyoka, wala si kwa buibui. Na waogopao buibui walikuwa wepesi zaidi kwa buibui, wala si kwa nyoka. Yaani hofu hailinoi jicho kwa kila kitu. Hulinoa kwa kitu kimoja.

Hapa sharti niwaambie habari ya kurudi kwetu jioni ile, ambayo niliiacha makusudi. Kijana alikuwa ametota maji, tena ameonywa na mwalimu wake, hivyo hakupiga kelele tena. Alisimama tu, akaonyesha kwa kidole. Wenzake wakaguna. Mimi nilikuwa mbele, mguu wangu umekwisha kuinuka. Alikuwa kifutu, amelala kando ya njia, rangi yake na rangi ya majani makavu ni moja. Watu watano wenye macho mazima hatukumwona. Laiti kemeo langu lingalimziba kijana mdomo na kidole pia, pengine nisingaliandika maneno haya.

Basi wasiwasi si upumbavu. Katika ubongo wa mtu, kila upande, pana sehemu ndogo yenye umbo la lozi, iitwayo amigdala. Kazi yake mojawapo ni kupokea habari za hatari na kuuamsha mwili, moyo upige na misuli ikaze, nayo haingoji fikira zimalize hesabu zake. Mlinzi wa namna hii afadhali akosee mara tisa kwa kamba kuliko mara moja kwa kifutu. Shida huja mlinzi asipolala kamwe, akapiga ngoma usiku na mchana, hata mwenye nyumba akashindwa kula na kufanya kazi.

Tena mlinzi huyu hudai malipo. Nadhari ya mtu si nyingi. Ikitolewa hapa, hupungua kule. Shimo la njiani lilikuwa malipo hayo.

Mfano mwingine ni wa jirani yetu mmoja, mama mjane. Wezi walimwingilia usiku. Asubuhi wazee walimwuliza sura ya yule aliyesimama mlangoni, naye hakuweza kuieleza. Lakini panga alilieleza lote: mpini umefungwa kwa waya, ncha imekatika, pana kutu kama kiganja. Baadhi ya wazee walinong'ona ya kuwa anamficha mtu, kwa maana gani aone panga asione uso ulio juu yake? Mama yule alilia kwa minong'ono ile kuliko alivyolia kwa mali yake. Nami sikuwa na la kumjibia. Leo ningekuwa nalo. Mwaka 1987 Elizabeth Loftus, Geoffrey Loftus na Jane Messo, katika mji wa Seattle, waliwaonyesha watu picha za mteja katika duka la chakula. Watu wa kundi moja walimwona akimwelekezea mwuzaji bastola, wa kundi la pili walimwona akimpa hundi. Mengine yote yalikuwa sawa. Walipima mwendo wa macho. Macho yaliiendea bastola mara nyingi zaidi na kukaa juu yake muda mrefu kuliko juu ya hundi, na walioona bastola walimkumbuka mtu mwenyewe vibaya zaidi. Hawa walikuwa wameketi salama wakitazama picha tu! Ni kweli kwamba wataalamu wengine wameonyesha ya kuwa kitu cho chote kisichotazamiwa mahali pale huvuta macho vivyo hivyo, hata kama hakitishi. Lakini kwa mjane aliyeshikiwa panga saa nane ya usiku yote mawili yalikuwapo. Wazee wa kanisa na wa kijiji, mnapomhoji mtu wa namna hii, mwulizeni aliyoyaona, wala msimhukumu kwa asiyoyaona.

Sasa niseme juu ya nyuso, maana si kila mtu ameumwa na nyoka, bali kila mtu amewahi kutazamwa.

Mara yangu ya kwanza kusimama kusoma somo mbele ya watu kanisani, nilikuwa kijana wa miaka 20. Kanisa lilikuwa limejaa. Nawaapia, sikuona watu; niliona mzee mmoja katika benchi la tatu aliyekunja uso. Kila nilipoinua macho yalimwendea yeye, nami niliyashusha upesi kama niliyeungua. Nikaruka mistari miwili, nikamaliza, nikaketi nikitetemeka. Muda wa mwaka mzima nilimkwepa mzee yule njiani. Hata siku moja tulikutana kisimani, pasipo pa kukimbilia. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Nani wewe? Sogea karibu, macho yangu hayaoni mbali." Alikuwa akikunja uso namna ile ile, ili apate kuniona.

Wahenga husema macho hayana pazia, lakini mwenye wasiwasi hujitengenezea pazia lake. Wataalamu wengi wameona mambo haya mawili yakifuatana: kwanza jicho hukimbilia kitu cha kutisha, halafu mtu hulikimbiza jicho. Elaine Fox na wenzake, huko Uingereza, mwaka 2001 walionyesha jambo la tatu, ya kuwa mwenye wasiwasi hupata taabu kuiondoa nadhari yake kwenye uso wa hasira ikikwisha kushikwa. Mtu aweza kuyapitia yote matatu katika somo moja, kama mimi. Na lililo baya ni kukimbia kule. Kama ningalimtazama mzee yule kwa utulivu, muda wa kuvuta pumzi tatu, ningaliona ya kuwa ni mtu anayehangaika kuona, wala si mtu mwenye hasira. Mimi nilichukua uso nusu, nikaumalizia mwenyewe nyumbani, usiku.

Huko Sydney, Australia, katika mwaka wa 1998, Ron Rapee na mwenzake waliwaweka watu watoe hotuba mbele ya wasikilizaji wachache waliofundishwa kufanya ishara, nyingine za kupendezwa na nyingine za kuchoshwa. Wenye kuona haya mno walizinasa zaidi ishara mbaya. Wasio na haya hiyo walizinasa zaidi zile nzuri. Wasikilizaji walizitoa zote mbili, lakini kila mtu alikwenda nyumbani na zake.

Waalimu wenzangu, sehemu inayofuata ni yetu, tena si tamu.

Mimi nilikuwa na desturi ya kuweka fimbo juu ya meza, karibu na chaki. Sikuwa mpigaji sana; niliiweka iwe ukumbusho tu. Palikuwa na msichana mmoja aliyesoma vizuri nyumbani, mama yake alinihakikishia hivyo, lakini darasani alipoitwa alisimama kimya, macho yako mezani. Nilimwita mzito mbele ya wenzake. Siku moja fimbo niliisahau nyumbani, naye akasoma mistari minne bila kukosea. Labda ilikuwa bahati. Sikupima kama wapimavyo wataalamu. Lakini mwaka 1959 Easterbrook aliandika ya kuwa kadiri mtu anavyopandwa na fadhaa, ndivyo yanavyopungua mambo awezayo kuyashika kwa mara moja; yaliyo kando hutupwa kwanza. Swali ni nini kilicho katikati na nini kilicho kando. Sisi tulidhani herufi za ubaoni ndizo za katikati. Kwa mtoto yule katikati palikuwa na fimbo, na herufi ndizo zilizotupwa.

Na wazazi nao wasikie. Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, Seth Pollak pamoja na Pawan Sinha walitoa mwaka 2002 habari za watoto waliopigwa na kuumizwa nyumbani. Waliwaonyesha picha za nyuso zilizoanza kwa ukungu, kisha zikadhihirika hatua kwa hatua. Watoto waliopata mapigo waliitambua hasira mapema kuliko wenzao, picha ingali haijakamilika. Msifurahi mkidhani wamepata akili zaidi. Watoto hawa walijifunza somo lao kama mabaharia wanavyojifunza kusoma mawingu, kwa sababu dhoruba huwapiga. Mtoto wa namna hii akiingia darasani huusoma uso wa mwalimu kabla hajausoma ubao. Mwalimu akikunja uso kwa sababu ya jua, mtoto amekwisha kujikunyata. Ndipo sisi husema, "Huyu hasikilizi." Hakika anasikiliza kuliko wote, ila hasikilizi hesabu.

Sipendi msomaji adhani ya kuwa mambo yote yamekwisha kukatwa. Yair Bar-Haim wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv na wenzake walikusanya mwaka 2007 uchunguzi 172 juu ya jambo hili, wakaona ya kuwa mvuto wa vitisho kwa wenye wasiwasi upo, kwa watu wazima na kwa watoto, ingawa si mkubwa kama wengine walivyodhani. Naye Stefan Schmukle wa Ujerumani alionyesha mwaka 2005 ya kuwa jaribio lile la kitone likirudiwa kwa mtu yule yule baada ya siku chache laweza kutoa jibu jingine kabisa. Basi lafaa kwa kulinganisha makundi, lakini halifai kumpimia mtu mmoja.

Tena pana swali la kuku na yai: wasiwasi ndio ulivutao jicho, au jicho ndilo lizaalo wasiwasi? MacLeod, aliyekuwa amehamia Australia, alijaribu mwaka 2002 kuwazoeza wanafunzi wa chuo wasio wagonjwa. Kwa kundi moja kitone kilitokea mahali pa neno la kutisha, kwa kundi la pili mahali pa neno la kawaida, mara mamia. Kisha wakapewa mafumbo magumu. Waliozoezwa kutazama vitisho walifadhaika zaidi. Hivyo njia hupitika pande zote mbili. Watu wakafurahi, wakidhani dawa ya wasiwasi imepatikana katika kioo, ila majaribio mengi yaliyofuata yamepishana, mengine yakisaidia kidogo na mengine yasisaidie lo lote. Mtu akikuuzia mchezo wa simu kwa ahadi ya kukuponya wasiwasi, mwache na mchezo wake.

Dawa iliyothibitika zaidi ndiyo ile ya watu wa buibui niliyosema nitairudia: kukikaribia kitu hatua kwa hatua, pamoja na mtu unayemwamini, na kukaa nacho mpaka moyo utulie wenyewe. Wasiwasi ukizidi hata mtu akakosa usingizi, au akaacha kazi na watu, apelekwe hospitali kama apelekwavyo mwenye homa. Na ninaomba sana, nyumba za Wakristo ziache kumwambia mtu wa namna hii ya kuwa imani yake ni haba, au kunong'ona ya kuwa amerogwa. Maneno hayo nayo ni vitisho; jicho lake litayaendea kwanza, wala halitayaacha.

Yule kijana nilimwomba radhi. Alishangaa, kwa kuwa hakuzoea kuombwa radhi na mwalimu. Kisha tukaanza kazi. Siku za kwanza niliweka kamba uani mchana kweupe, naye akaitazama kutoka barazani, akinieleza rangi yake, urefu wake, mahali ilipofumuka. Sikumruhusu kugeuza uso mpaka aniambie moyo umeshuka. Ilituchukua siku kadhaa kutoka barazani mpaka kuigusa kwa kijiti, na siku nyingine kadhaa kuitia majanini. Njiani hatembei tena wa kwanza. Hutangulia mwenzake mwenye fimbo ndefu ya kupigapiga majani, yeye akifuata, na kazi yake ni kututajia njia ilivyo, hapa jiwe, hapa tope. Akisema "nyoka" twasimama sote na kutazama, wala hakuna acekaye.

Mwezi wa tatu tulipita tena njia ya mto. Kamba ile ya katani ilikuwa bado pale, imechakaa kwa mvua. Alisimama. Niliona kifua chake kikipanda na kushuka. Akaitazama, nikahesabu pumzi zake, sita, saba. Kisha akainama, akaiokota, akaizungusha mkononi.

"Mwalimu," akaniuliza, "naweza kwenda nayo? Mbuzi wetu hana kamba."